Matete Mawili Niliyoyaficha

Mimi ni fundi wa masanduku ya maiti. Wengine husema jeneza. Hapa Rumonge tunasema sanduku na kila mtu anaelewa ni lipi. Shule nilisoma miaka miwili isiyotimia, kule kambini Tanzania, na mwalimu alinituma kuteka maji zaidi kuliko alivyonifundisha. Kazi nilijifunza kwa macho. Niliporudi Burundi nikiwa na nyundo moja na randa moja, watu walisema huyu atakufa njaa. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, na kati ya wale waliosema hivyo, watatu nimewatengenezea sanduku mimi mwenyewe, mbao nzuri, bila kinyongo.

Mteja wangu haji na maneno. Anakuja na tete. Mtu akifa nyumbani, wenyewe wanakwenda kukata tete ziwani, wanalilaza kando ya maiti, wanalikata kwa urefu wake. Kisha mmoja wa familia analibeba kwapani mpaka kwangu. Njiani hasalimiwi. Watu wakiona tete kwapani wanapisha. Akifika ananikabidhi, mimi napima mbao, nakata. Fundi aliyenifundisha alinipa sharti moja: usiulize kilichomuua. Ukiuliza, watu wataona unafurahia. Nilishika sharti hilo zaidi ya miaka ishirini, na nililionea fahari.

Tete likishatumika halitupwi wala halichomwi. Mimi nalichomeka chini ya paa la karakana. Na kwa kuwa kuandika kunanipa taabu, nilijitengenezea utaratibu wangu: matete ya kila mtaa na ya kila mwalo wa wavuvi nayafunga pamoja kwa kamba ya mgomba, na mwezi ukiisha nachomeka kijiti cha mkaratusi katikati, ili nijue mwezi umepita. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilipenda tu kujua kazi yangu imefika wapi.

Haya ninayosimulia si ya zamani. Mukamwana wangu, yaani mke wa mwanangu, alikuwa akikaa kwangu na binti yake wa miaka miwili, kwa sababu mwanangu alikuwa Nyanza-Lac kwenye kazi ya mawese. Mukamwana anauza ndagala, wale samaki wadogo, na kutwa nzima yuko sokoni. Mjukuu wangu alikuwa akimwacha kwa jirani yetu, mama mzee mmoja kutoka ng'ambo, Kivu ya Kusini, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalinda watoto wa akina mama wanaoshinda mwaloni na sokoni. Watoto kumi na wawili juu ya mkeka mmoja, na mama mzee katikati na fimbo ambayo sikuwahi kuona ikimpiga mtu.

Mume wake alikuwa rafiki yangu. Ana mitumbwi miwili, mtu wa maombi, sauti kubwa, ananiita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu nimemzidi miaka. Siku moja alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma. Tete hakulibeba kwapani, alilikunja ndani ya mkeka. Lilikuwa fupi. Lingeweza kuwa fimbo ya kuchungia mbuzi.

"Yaya," akasema, "ni mutoto wa binti yangu. Wale wawili waliokuja kutoka ng'ambo, wiki mbili sasa. Ni homa tu."

"Pole, mudogo wangu."

"Ninaomba hili libaki kati yetu."

"Mimi nimewahi kusema nini?"

"Hujawahi. Lakini unajua wamama. Mutoto akifia kwa mama muzee, watasema mama muzee amemula. Na pale iko watoto wa watu."

Nilijua. Mwalo mwingine, sitautaja, mwanamke mzee alichomewa nyumba kwa sababu ya kifo kimoja. Nikatengeneza sanduku. Wakamzika alfajiri bila wimbo. Siku tano baadaye rafiki yangu akarudi kwa mlango uleule na mkeka uleule. Ndani mlikuwa na tete la mtoto wa pili.

Mtu ataniuliza: na mjukuu wako ulimwacha pale? Nilimwacha. Kumtoa kungekuwa sawa na kusema. Mukamwana angeuliza kwa nini, ningemjibu nini? Akishajua yeye, soko zima limejua. Tena niliambiwa ni homa, na mimi siulizi.

Madaktari walikuja siku nane baada ya sanduku la pili. Walikuwa wawili, mwanamke na mwanaume, kwa miguu, viatu vyao vimejaa mchanga wa barabarani.

"Amahoro, muzee."

"Amahoro. Nani amekufa?"

"Hakuna," akasema mwanamke. "Sisi ni madaktari."

"Basi bado kidogo."

Mwanaume alicheka. Mwanamke aliniangalia tu, akangoja nimalize utani wangu, kama mtu anayengoja mvua ipite. Alikuwa mrefu, na kalamu ameichomeka ndani ya nywele.

Wakanieleza. Udaktari walikwisha kuupata, wametibu watu, wamepasua watu. Sasa wanasomea kitu kingine, sante piblik, afya ya watu wote kwa pamoja. Wametumwa huku kwetu kujifunza kazi yenyewe.

"Kazi gani?"

"Kuzuia, muzee. Mutu asigonjwe."

"Kwa hiyo hamtibu."

"Kwa sasa tunauliza."

"Mnauliza. Na mnakula kwa kuuliza."

"Tunakula kidogo," akasema yule mwanaume, na kwa kweli alikuwa mwembamba.

Mwanamke akafungua daftari. Akasema kitabu cha hospitali kinaonyesha watoto wachache tu waliokufa mwezi huo. Lakini yeye alikwenda makaburini kutembea, akaona udongo mpya, vilima vidogo vidogo, vingi kuliko vya kitabu. Akamwuliza mchimba kaburi. Mchimba kaburi akamwambia, kama unataka kujua waliofia nyumbani, nenda kwa fundi, yeye anaweka matete.

Sijui kama ninyi mmewahi kutafutwa na mtu aliyesoma. Mimi ilikuwa mara ya kwanza. Mtu ametoka Bujumbura, amesoma mpaka shule imemchoka, anakuja kuniuliza mimi ninachojua. Kifua kilinijaa.

"Ngojeni nje," nikawaambia. "Ndani kuna vumbi."

Vumbi lilikuwepo. Lakini niliingia peke yangu kwa sababu ya yale matete mawili. Nilisimama chini ya paa nikayatazama. Nikamfikiria mama mzee na nyumba iliyochomwa. Nikayachomoa, nikayasukuma nyuma ya mbao za gereveria. Kisha nikatoka na fungu zima mikononi, kama mtu anayeleta mahari.

Tuliyapanga uani, mwezi baada ya mwezi, mtaa baada ya mtaa. Mwanaume alipima kila moja kwa metre, mwanamke akaandika. Mwanzoni waliongea Kifaransa na kutaniana. Halafu wakafika kwenye mwezi ule, fungu la mwalo mmoja wa upande wa Magara. Matete matano, moja baada ya jingine, na hakuna lililofika kiunoni kwangu. Mwanamke aliacha kuandika.

"Muzee," akasema, "wewe umesoma wapi kazi hii?"

"Sikusoma."

"Sisi tunafundishwa miaka kufanya kitu hiki kwa karatasi."

Nilitamani mwanangu angekuwepo asikie. Naandika ukweli. Dakika ile sikuwaza yale mawili hata kidogo.

Akainama, akaweka kidole juu ya tete la kwanza katika yale matano. "Ninatafuta mutoto wa kwanza," akasema. "Ukimupata wa kwanza, umepata mulango. Tunafunga mulango." Akaangalia upande wa Magara. "Mulango iko huko."

Mimi niliangalia mlango wa karakana, kwenye mbao za gereveria.

"Ni ugonjwa gani?" nikauliza. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi kuuliza hivyo.

"Tunadhani ni surua."

"Hapa hatutaji hivyo. Tunasema mugeni."

"Kwa nini?"

"Ukimutaja anakaa."

Akaandika. "Na sindano?"

"Mutoto akiwa na mugeni hapigwi sindano. Sindano inamurudisha ndani, basi anakufa."

"Iko watu wengi wanaoamini hivyo?"

"Iko mimi," nikasema.

Hakucheka, wala hakunigombeza. Akakaa juu ya benchi langu, akanieleza taratibu, kama anavyoeleza fundi mwenye subira. Kwamba inapita katika hewa. Mtoto mmoja akikohoa ndani ya chumba, akatoka, na mwingine akaingia nyuma yake, inatosha. Kwamba yule aliyeshikwa anakaa siku kumi hivi bila kitu, anacheza, anakula. Halafu homa, mafua, macho mekundu. Halafu vipele. Kwamba mtoto aliyechanjwa mapema anakingwa.

"Na asiyechanjwa?"

"Anategemea bahati, chakula, na kama iko mutu karibu anayejua."

Mjukuu wangu alizaliwa kambini, kwa akina mama yake waliochelewa kurudi. Wakati wa kurudi karatasi zake zilipotea na mfuko mmoja wa nguo, na hakuna aliyejua kama alichanjwa au hapana. Niliwaza siku kumi. Nikaanza kuhesabu kichwani, nikapotea, nikaanza tena.

"Chanjo tulizoletewa ni chache," akasema wakati wa kuaga. "Tutaanzia pale mulango uliko. Kesho asubuhi, upande wa Magara. Murakoze cane, muzee. Umetusaidia kuliko unavyojua."

Wakaenda. Mimi nikabaki uani na matete yamelala chini.

Ningeweza kuwakimbilia. Barabara ni moja, na walikuwa kwa miguu. Nilikuwa na sababu zangu, na zote nilizipanga vizuri. Mama mzee watamchoma. Rafiki nilimpa neno. Lakini iliyokuwa chini ya zote ni hii: nilikuwa nimesifiwa. Kurudi kumwambia yule mwanamke kwamba nilimdanganya, saa moja baada ya kuniambia nimeshinda karatasi zao, hilo sikuliweza.

Kesho yake asubuhi nilimwambia mukamwana, "Leo mutoto abaki hapa."

"Kwa nini, baba?"

"Basi tu."

"Basi tu haiuzi ndagala." Alikuwa ameshamfunga mgongoni. "Au utamulinda wewe, na nyundo yako?"

Nilisema nitamlinda. Akacheka, akadhani nazeeka, akaenda naye. Mukamwana wangu haogopi mtu, na siku nyingine zote hilo hunifurahisha. Nilisimama mlangoni nikamwona mjukuu wangu anavuka barabara mgongoni mwa mama yake, mguu mmoja unaning'inia bila kiatu, mpaka kwenye ua wa rafiki yangu. Kulikuwa na watoto wanakohoa humo. Nilisikia kutoka kwangu. Kila siku watoto hukohoa, lakini siku ile nilikuwa nimeambiwa.

Siku ya pili hivyohivyo. Nilifanya kazi vibaya, nikakata ubao mara mbili ukabaki mfupi. Wavuvi waliopita walisema madaktari wako Magara, wamefunga turubai kwenye uwanja, wanapiga watoto sindano, wamama wengine wamekimbilia mashambani na watoto wao. Walisimulia kama kichekesho. Mmoja akasema, "Madaktari wasioweza kutibu sasa wanatafuta wazima."

Siku ya tatu mukamwana alirudi kabla ya saa sita. Kumwona tu nikajua.

"Iko na joto," akasema. "Ni meno."

Nikamchukua mtoto. Kichwa kilikuwa kinawaka. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni kwenye kuni mbichi, na kamasi zinatiririka, na hakutaka nimgeuzie kwenye mwanga. Akanilalia begani bila kunivuta ndevu. Kila siku hunivuta ndevu.

"Si meno," nikasema.

"Basi ni moshi."

"Mufunike, mupe maji, musitoke. Mutu asiingie hapa na mutoto."

"Baba, iko nini?"

Niliingia karakana, nikaondoa mbao za gereveria, nikayatoa yale mawili. Nikatoka nayo kwapani mpaka barabarani kutafuta pikipiki. Watu walinipisha. Mama mmoja muuza ndizi aligeuza uso. Mwenye pikipiki wa kwanza akasema, "Muzee, na hayo sipakii." Wa pili hivyohivyo. Kwa hiyo nikaingia nyuma ya duka, nikayashusha ndani ya suruali, moja kila mguu, nikarudi nikitembea kama mtu mwenye jipu. Wa tatu alinipakia.

Barabara ile inafuata ziwa mwendo wote. Sikuliangalia. Kila mtumbwi uliokuwa umepandishwa mchangani niliona mbao zake.

Niliwakuta chini ya turubai, wamama kwenye foleni, watoto wanalia. Nikayatoa matete mbele ya watu wote, na foleni ikarudi nyuma hatua tatu. Yule mwanamke akaja.

"Ya wapi haya?"

"Ya kwetu. Ni ya kabla ya yale matano."

"Uliyasahau?"

"Niliyaficha."

Yule mwanaume mwembamba akasimama na sindano mkononi. Nilingoja anitukane. Ingekuwa nafuu. Mwanamke akachomoa kalamu kwenye nywele.

"Siku gani, la kwanza?"

Nikamwambia.

"La pili?"

Nikamwambia.

"Walitoka wapi?"

"Ng'ambo. Walikuja na mutumbwi, wakalala usiku mumoja Magara."

Akamgeukia mwenzake, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Hawa ndio wa kwanza. Tumefunga dirisha." Kisha kwangu: "Nyumba ile iko na watoto wangapi sasa?"

"Wa kwao wamekwisha. Wa kuachwa kutwa, kumi na mumoja. Walikuwa kumi na wawili. Mumoja iko kwangu na homa."

"Wa nani?"

"Wangu."

Akafungua sanduku la barafu, akahesabu chupa zilizobaki kwa kidole. Hakunionyesha, lakini niliona kidole hakikusafiri mbali. Nyingine zingetoka Bujumbura kesho yake, kama gari lingepatikana.

Tulirudi na gari lao. Nilitaka kwanza twende kwangu. Yeye akasema, "Wako kumi na mumoja, muzee," na dereva akanyoosha mpaka kwa rafiki yangu.

Alikuwa uani anashona wavu. Aliona gari, akaona madaktari, halafu akaniona mimi nashuka.

"Yaya," akasema.

"Mudogo wangu."

"Umewaleta."

"Nimewaleta."

Akaweka wavu chini polepole. "Basi ujue. Watakachomufanya mama muzee, umekifanya wewe." Wanawake walikuwa wameshasimama kando ya ua, watatu, halafu sita, kila mmoja anamtafuta mtoto wake kwa macho. Mmoja akauliza kwa sauti kuna nini.

Mama mzee alitoka mwenyewe. Alikuwa amembeba mtoto wa mtu, na mtoto yule alikuwa na vipele tayari, nyuma ya masikio na usoni. Nilipoviona nikajua hata hizo siku tatu zangu hazikuwa za kwanza kupotea.

"Ni mugeni," akasema. "Alikuja na wajukuu wangu. Nilimujua siku ya kwanza kwa macho yao."

"Kwa nini hukusema, mama?" daktari akauliza.

"Nani aliniuliza?"

Nilikuwa nimesimama pale, nikasikia. Naye aliniangalia mimi aliposema.

Mwanamke mmoja kwenye ua akaanza: "Kumbe mchawi huyu alijua." Mwingine akaitikia. Neno lile likishatoka halirudi, na mimi nimeona linavyokwenda. Rafiki yangu akasimama mlangoni kwake na mikono mitupu.

Hapo yule daktari mwanamke alifanya kitu ambacho sidhani kama kimo katika vitabu vyao. Alivua viatu, akakaa juu ya mkeka katikati ya watoto, akasema, "Mama, tangu asubuhi sijakula. Umepika nini?" Mama mzee alitazama huku na huku kama amesikia vibaya. Kisha akaleta bugali ya muhogo na ndagala kwenye sahani moja. Daktari akamshika mkono, akamketisha, wakala wote wawili kutoka sahani ile, tonge kwa tonge, mbele ya ua mzima. Mtu hali kwa mchawi. Kila mtu pale alilijua hilo. Alikula mpaka sahani ikaisha, halafu akaanza kuuliza: huyu ni wa nani, amechanjwa, homa tangu lini. Na wanawake wakaanza kujibu. Wawili waliondoka bila kujibu, na watoto wao.

Kwangu walifika jioni. Vipele vilikuwa vimeanza kutokeza kwa mjukuu wangu pia. Daktari alikata kidonge laini chekundu kwa mkasi, akamdondoshea mdomoni. Akamwambia mukamwana amnyonyeshe, ampe maji, amletee mtoto kila siku, na mtoto akipumua kwa kasi daktari aitwe hata akiwa amelala.

"Ni dawa gani?" nikauliza.

"Ni vitamini ya macho. Hii iko hata ndani ya mawese mekundu."

"Mawese tunayapeleka Bujumbura."

"Najua, muzee."

Baada ya kuondoka kwao mukamwana alinijia. Alikuwa amesikia yote mtaani. "Uliniambia abaki," akasema. "Hukuniambia kwa nini." Akarudi ndani. Kwa siku tisa hakunitengea chakula mezani. Chakula alikiweka mlangoni kwa sababu ni mwanamke mwenye heshima, lakini hakuniita baba.

Siku tisa zile nilifanya kazi sikio moja likiwa dirishani. Kwa wale watoto kumi na mmoja yalikuja matete matatu. Baba wa mmoja hakunikabidhi mkononi. Aliliweka chini, kizingitini, akasimama barabarani mpaka nilipomaliza. Nilitengeneza. Niliziona zile mbao fupi juu ya meza, na kila mara nilikwenda kwanza dirishani kusikiliza kama mjukuu wangu anapumua, ndipo nikapiga msumari.

Alipona. Sikio la kulia lilitoa usaha mwezi mzima, na sasa ukimwita upande ule lazima umwite mara mbili. Amerudi kunivuta ndevu.

Rafiki yangu hakubaki. Mawe yalitupwa juu ya bati lake, jioni mbili, tatu. Sahani ile iliokoa nyumba isichomwe, haikuokoa zaidi ya hapo. Asubuhi moja walipakia masufuria, nyavu na mkeka kwenye mitumbwi yao, wakavuka kurudi ng'ambo. Aliniona nimesimama mchangani. Mama mzee aliinua mkono. Yeye alikuwa ameinama kwenye mashine ya mtumbwi, akaendelea kuinama.

Kabla ya kuondoka madaktari walionyesha kazi yao kwenye ukumbi wa komini, ofisi za serikali za hapa, mbele ya wakubwa na mwalimu wao. Ramani ya mwambao, nukta kila mahali. Mtaa wetu una nukta mbili za rangi tofauti na nyingine zote. Mkubwa mmoja akauliza kwa nini walianza Magara na chanzo kiko hapa. Yule mwanamke akasema, "Taarifa ilituchelewa." Mimi nilikuwa benchi la mwisho, na koti langu la Jumapili. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Nilikaa. Ndiyo sababu naandika haya kwa mkono wangu, herufi zangu kubwa zilizopinda, ili isisemwe kwamba taarifa ina miguu yake yenyewe.

Siku hizi nauliza. Mtu akija na tete fupi, namwambia kaa, alianza namna gani, macho yalikuwaje, wengine nyumbani wakoje. Wengine wanajibu na kulia, na nampigia daktari simu, na anaandika. Wengine wanachukua tete lao wanaondoka. Hilo sikulitazamia. Nilidhani wataniheshimu zaidi.

Maana sasa kuna fundi mwingine, kijana, amefungua kwenye njia ya kwenda Bugarama. Anatumia metre ya chuma, na watu wanasema uzuri wake ni kwamba haulizi. Wiki tatu zimepita bila mtu hata mmoja kutoka mwalo wetu kuja kwangu. Mwanzoni nilifurahi. Nikamwambia daktari kwa simu, hapa kimya. Akauliza, "Kimya cha namna gani, muzee?"

Jumanne hii nilikwenda kwa yule kijana. Nilimkuta anapiga randa. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na mbao zimekatwa tayari, zimesimamishwa kwa jozi. Nilizihesabu. Fupi zilikuwa jozi sita.

"Za nani?"

"Muzee, wewe ndiye unauliza," akasema bila kuinua kichwa. "Mimi napima."

Nilitoka barabarani nikapiga simu. Daktari akasema amekwisha maliza masomo, yuko kazini mkoa mwingine, lakini atawaambia wanaosoma sasa.

"Ni watoto wangapi?"

"Nimeona mbao tu."

"Uko na uhakika?"

"Sina. Waje."

"Watafika Jumatatu."

Nikahesabu siku. Kisha nikashuka mwaloni mwenyewe, kuuliza. Nyumba ya kwanza ilikuwa imefungwa, na ya pili, na ilikuwa saa nne asubuhi, saa ambayo watoto wote huwa nje. Nyuma ya mlango wa tatu nikasikia mtoto anakohoa, nikabisha.